Suke tupu nalo lina somo

Desemba 1996, ndani ya kituo cha anga cha Mir cha Urusi, Mmarekani John Blaha alivuna ngano. Mwenzake, Shannon Lucid, ndiye aliyeipanda miezi minne nyuma katika bustani ndogo iliyoitwa Svet, yaani nuru kwa Kirusi, sanduku la taa na mizizi lililotengenezwa na Wabulgaria wakishirikiana na Warusi na kurushwa mwaka 1990. Masuke yalitoka, zaidi ya 200. Yaliporudishwa duniani na kupukuchuliwa, hayakuwa na punje hata moja.

Nimefundisha baiolojia kwa miaka 31, na hicho ndicho kisa nilichopaswa kuwasimulia wanafunzi wangu siku ya kwanza maabarani.

Waliopanda hawakuyatupa masuke yale. Waliuliza kwa nini. Jibu lilikuwa hewani: gesi ya ethilini ilikuwa imejaa chomboni. Watafiti wakaipuliza gesi hiyo kwenye ngano hapa duniani, nayo ikatoa masuke matupu vilevile.

Gesi hiyo tunaijua, ingawa jina ni geni. Mama yangu kule Tukuyu alivundika ndizi kwa kuchimba shimo, kulitandika majani makavu ya mgomba, kisha kulifunika kwa udongo. Alijua kwamba ndizi zikifungiwa pamoja huivishana. Kinachoziivisha ni ethilini, ambayo matunda yenyewe huitoa. Mir nacho kilikuwa shimo lililozibwa: hewa ileile ikizunguka, hakuna dirisha la kufungua. Kinachoivisha ndizi kikaharibu chavua ya ngano.

Kabla ya hapo yapo mengine mengi yaliyokwama. Bustani ya kwanza kabisa, Oasis, ilirushwa pamoja na kituo cha anga cha Salyut 1 mwaka 1971, ikiwa na mimea kama kitani. Viktor Patsayev ndiye aliyeitunza. Yeye na wenzake wawili, Georgy Dobrovolsky na Vladislav Volkov, walifariki wakirejea nyumbani, hewa ilipovuja kutoka kwenye chombo chao. Waliofuata waliendelea kupanda. Waligundua kwamba pasipo uzito maji hayateremki. Hung'ang'ania mizizi na kuifunika mpaka ikose pumzi. Hewa ya moto nayo haipandi, kwa hiyo jani hukaa ndani ya pumzi yake yenyewe mpaka feni iisukume. Ilichukua miaka 11 tangu Oasis hadi mmea mdogo wa jamii ya haradali, arabidopsis, ulipotoa mbegu ndani ya Salyut 7 mwaka 1982, mikononi mwa Anatoly Berezovoy na Valentin Lebedev.

Sasa nirudi darasani. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wa kidato cha kwanza maharage waoteshe kwenye pamba, katika vikopo vya plastiki. Binti mmoja alimwagilia mno, maharage yake yakaoza. Siku ya kukusanya madaftari alichora mche mzuri wenye majani mawili, aliounakili kwa jirani yake. Nilijua, kwa sababu kikopo chake nilikuwa nimekiona. Nilimpa alama zote. Mwingine aliyekuwa na kikopo kilichooza na akaandika ukweli, nilimpa sifuri.

Kosa hilo linaniuma mpaka leo. Maharage ya binti yule yalikufa kwa sababu ileile iliyoikosesha pumzi mizizi ya mimea ya angani: maji yaliizingira mizizi, hewa ikakosa njia. Alikuwa na ugunduzi mkononi, nami nikamfundisha kuuficha.

Wala si mimi peke yangu. Tunasahihisha kazi za vitendo kwa kulinganisha na jibu la kitabu. Mtoto hujifunza mapema kwamba daftari safi linashinda macho yake mwenyewe. Kisha tunashangaa kwa nini vijana wetu wenye alama za juu husita wakutanapo na tatizo lisilo na jibu nyuma ya kitabu.

Ninachoomba kwa walimu wenzangu na watunga mitihani hakihitaji bajeti. Tengeni alama kwa swali moja: nini hakikwenda kama ulivyotarajia, na unadhani ni kwa nini? Mwanafunzi akieleza vizuri kuoza kwa maharage yake, apate sawa na aliyeotesha.

Kwenye Mir, baadaye walipanda ngano ya aina nyingine, Apogee, inayoistahimili gesi ile. Mwaka 1999 masuke yake yalivunwa yakiwa na punje. Na Agosti 10, 2015, kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, wanaanga Scott Kelly, Kjell Lindgren na Kimiya Yui walikula saladi nyekundu waliyoiotesha hukohuko. Jani hilo lilitanguliwa na masuke yasiyo na punje, na watu walioandika bila kuficha kwamba yalikuwa matupu.