Fundi wa kuimba, ila kulea hayumo

Barua zenu nyingi, hasa za akina mama, zina kilio kimoja: "Alikuwa na maneno matamu, sasa mtoto nalea peke yangu." Leo twende mbali kidogo, kwenye misitu ya kusini mashariki mwa Australia, tukamwone ndege wa kinubi. Wenyewe Waaustralia wamemweka kwenye sarafu yao ya senti 10.

Dume ana manyoya 16 mkiani, na mawili ya pembeni yamepinda kama kinubi. Humchukua miaka kadhaa mpaka mkia huo ukamilike. Ikifika baridi ya kule, mwezi Juni hadi Agosti, anaparura udongo na kutengeneza vilima vidogo vya kuchezea. Akishapanda juu anaufunika mkia kichwani kama shela, anautikisa, anapiga hatua na kuimba. Na jamani, anaimba! Sehemu kubwa ya wimbo wake ni sauti za ndege wengine, kaziiga moja baada ya nyingine. Wanaofugwa huiga hata vya binadamu: dume mmoja katika bustani ya wanyama ya Adelaide, aliyeitwa Chook, alijulikana kwa kuiga nyundo na mashine za mafundi ujenzi.

Jike akishapandwa, shughuli ya dume imeisha. Jike anajenga kiota peke yake, anataga yai moja tu, analiatamia siku kama 50. Kinda likitoka linakaa kiotani wiki nyingine sita au zaidi, na anayelilisha ni mama. Baba haleti hata mnyoo mmoja. Yuko kilimani anacheza.

Kuna jingine. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Anastasia Dalziell walieleza kwamba jike akitaka kuondoka kabla ya kupandwa, dume huiga kelele za kundi zima la ndege wanaopiga yowe la hatari, kana kwamba kuna adui karibu. Adui hayupo. Watafiti wanaona ni hila ya kumfanya jike asite kuondoka. Niliposoma hapo nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Ni wangapi kati yenu mliambiwa "ukitoka humu ndani utaangamia"?

Ndege simhukumu, kaumbwa hivyo. Lakini wewe baba uliyemwacha mtoto kwa bibi yake na simu hupokei, wewe hukuumbwa hivyo.

Msidhani jike ni bubu. Miaka mingi watu walimsikiliza dume tu, kumbe na jike anaiga vizuri sana. Yeye hana kilima wala shela. Sauti hizo huzitumia zaidi anapotafuta chakula, na anapolinda kiota chake.