Mpira Urushwe Mahali Pake

Liko jambo ambalo walimu wenzetu hulidharau, nasi twaliona si dogo hata kidogo: ni mahali pa kuurushia mpira wa kikapu ukiisha kutoka nje, au mwamuzi akiisha kupiga filimbi kwa sababu ya kosa. Hapa Mbebe, na katika viwanja vingine vya Ileje tulivyovizuru, mtoto huufuata mpira majanini, huuokota, kisha huurusha popote miguu yake ilipomfikisha. Mwamuzi humtazama tu. Pengine amekwisha kugeuka kuzungumza na watu.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Mpira hurushwa kutoka nje ya mstari, mahali palipo karibu kuliko pote na pale ulipovukia au pale kosa lilipotendeka. Ila si nyuma ya ubao moja kwa moja, kwa kuwa pale ubao humzuia mrushaji. Mwamuzi ndiye ampaye mpira, au kuuweka mbele yake. Akiisha kuupata ana sekunde 5 tu, wala haruhusiwi kusogea kando zaidi ya mita 1. Ruhusa ya kwenda huku na huku nyuma ya mstari wa mwisho ni ya timu iliyofungwa kikapu. Hilo ndilo liwachanganyalo wengi: wameliona baada ya kikapu, wakadhani ni ruhusa ya siku zote.

Wako watuambiao kwamba huu ni mchezo wa watoto, na mistari yetu ni ya majivu, mvua ikinyesha haionekani tena. Ya nini basi kupimana hatua? Twajibu: kwa sababu hiyo hasa. Mstari ukifutika, jicho la mwamuzi ndilo mstari uliobaki. Tumeona mpira ukitoka karibu na katikati ya uwanja, mvulana akaubeba hatua saba kuelekea kikapu cha wapinzani, akamrushia mwenzake aliyesimama peke yake chini ya ubao. Wakafunga, na mchezo ukaisha kwa kikapu hicho. Watoto wa upande wa pili walilia, na wazee wakasema hawa hawajui kushindwa. Hawakushindwa, waliibiwa hatua saba mbele ya mwalimu. Na tukiri yote: filimbi ilikuwa mkononi mwetu.

Torati ilikataza kuusogeza mpaka wa shamba la jirani, na hapa kwetu hakuna mkulima wa mahindi asiyelijua tuta lake la mwisho. Mtu akilivuka kwa hatua saba, tutaitana barazani siku hiyo hiyo. Mbona uwanjani twanyamaza?

Mwalimu James Naismith alipouanzisha mchezo huu Desemba 1891, katika chuo cha Y.M.C.A. huko Springfield, Marekani, aliandika kanuni 13 tu, na moja yao ilihusu mpira utokao nje. Hata zile sekunde 5 zilikuwamo. Lakini mpira ulikuwa wa yeyote aliyeuwahi, basi watu wakasukumana nje ya mistari kwa kuugombea; mwaka 1913 ndipo ulipoamriwa uwe wa wapinzani wa yule aliyeugusa mwisho. Fujo ile wenzetu waliiacha zamani sana, nasi twailea upya, kisha vijana wetu wakienda katika michezo ya UMISSETA na kunyang'anywa mpira, twamlaumu mwamuzi mgeni.

Twawaomba walimu, kila ashikaye filimbi, mpira utokapo aende kwa miguu yake hata pale ulipovukia, apaonyeshe kwa kidole, amngoje mrushaji asimame, ndipo ampe mpira kwa mkono wake. Mchezo utachelewa kidogo, na watazamaji watapiga kelele. Sisi tutaanza hivyo Jumamosi ijayo hapa Mbebe.