Nani Mwenye Kosa Hapa?

Kizazi chetu kimelelewa na steringi na adui. Sisi tuliokuwa tukikodi kanda, na baadaye CD, za kina Kanumba na Ray miaka ya 2000 tunajua mchezo ulivyokuwa: dakika kumi za mwanzo hazijaisha, mbaya wako umeshamjua. Kama si mama mkwe, ni shoga wa bibi harusi mwenye kucha ndefu. Kama si shoga, ni mume anayerudi saa nane za usiku ananukia manukato ya mwanamke mwingine. Ukishamjua, kazi inayobaki ni kusubiri aumbuke, na sehemu ya pili aumbuke zaidi. Sikatai, tulilia na tulifurahi. Ila nadhani kuna kitu tulikibeba kutoka kwenye zile filamu tukaingia nacho kwenye ndoa zetu: imani kwamba nyumba ikiwaka moto lazima kuna mmoja aliyewasha kiberiti, na mara nyingi huyo mmoja si mimi.

Ndiyo maana mwezi huu tunahama kidogo. Tunakwenda kwenye filamu za matamasha, zile zinazoonyeshwa Cannes, Toronto au Sundance na ambazo kumbi zetu za sinema huwa hazina haraka nazo. Najua unachofikiria: mzee wa Kizungu anavuta sigara dirishani dakika nane, halafu majina yanaanza kupita. Zipo za namna hiyo, na nyingine zimepewa tuzo ambazo mpaka leo sielewi zilitolewa kwa lipi. Lakini kati ya mwaka 2021 na 2023 zilitoka nne ambazo sijaacha kuzifikiria, zote zikihusu watu wawili waliopendana. Nimezipima kwa swali moja tu. Je, mwongozaji amewaachia wote wawili nafasi ya kuwa na haki? Sisemi nafasi ya kupendwa na mtazamaji. Nasema ya kuwa na haki, hata pale wanapokosea.

Tuanze na ngumu kuliko zote. *Anatomy of a Fall* ya Justine Triet, Mfaransa, ilichukua Palme d'Or pale Cannes mwaka 2023. Triet alikuwa mwanamke wa tatu tu kushinda tuzo hiyo, baada ya Jane Campion mwaka 1993 na Julia Ducournau mwaka 2021. Hadithi yenyewe fupi: mwandishi wa vitabu, Sandra, anaishi na mumewe Samuel na mtoto wao Daniel kwenye nyumba ya milimani karibu na Grenoble. Siku moja Samuel anakutwa amekufa chini ya dirisha, kwenye theluji. Alianguka? Alijirusha? Alisukumwa? Shahidi wa karibu ni Daniel, mtoto wa miaka 11 mwenye uoni hafifu, na mbwa wao.

Watu wengi wanaisifu kama filamu ya kesi. Mimi naona upande wa mahakamani ndio dhaifu. Yule mwendesha mashtaka kanyoa upara, ana maneno makali kama wembe, na anafurahia kazi yake kupita kiasi. Kila akisimama nilikuwa namuona mwigizaji. Filamu ina dakika zaidi ya 150 na kuna sehemu niliangalia saa.

Halafu ikaja ile rekodi. Samuel, bila mkewe kujua, alirekodi ugomvi wao siku moja kabla ya kifo, na mahakama inausikiliza. Tunarudishwa jikoni. Wanaanza taratibu kabisa, kama watu wanaojadili nani aende sokoni. Samuel anasema hana muda wa kuandika, muda wake wote unaishia kwa mtoto na nyumba. Sandra anamwambia hakuna aliyemlazimisha kumfundisha mtoto nyumbani. Samuel anasema wazo la kitabu chake umelichukua ukaandika wewe. Sandra anajibu: uliliacha mwenyewe, na ulikubali. Samuel anamkumbusha mambo yake ya nje. Inatajwa na ajali iliyomharibia mtoto macho, siku ambayo baba ndiye alipaswa kumfuata shuleni. Mpaka lugha inaingia kwenye mashtaka. Yeye Mjerumani, mume Mfaransa, nyumbani wanaongea Kiingereza. Kwa Samuel, hiyo ni familia nzima kuishi kwa masharti ya mke. Kwa Sandra, Kiingereza si chake wala si cha mumewe, ni katikati ya njia, na isitoshe amehamia kwenu, Ufaransa, anaishi kati ya watu wenu.

Jamani. Kila mmoja akifungua mdomo nilikuwa nasema, ana hoja huyu. Mwenzake akijibu nasema, ah, na huyu naye ana hoja. Samuel ni marehemu, filamu nzima karibu hana sauti, kapewa kipande hicho kimoja tu cha kujitetea, na kinamtosha. Vitu vinapoanza kuvunjika, Triet anaturudisha mahakamani tusikie kishindo bila kuona nani kampiga nani. Inaudhi, lakini ndiyo hali ya jirani yeyote anayesikiliza ugomvi wa watu kupitia ukutani.

Kitu kingine ambacho wasomaji wa ukurasa huu mtakipenda: skripti hiyo Triet aliiandika na mwenzi wake wa maisha, Arthur Harari, na mwaka 2024 wakapewa Oscar kwa ajili yake. Hebu piga picha, wewe na mwenzako mmekaa mezani mnaandika maneno ya kutupiana. Sandra Hüller, aliyeigiza kama Sandra, ameeleza kwamba alimuuliza mwongozaji kama huyu mwanamke kaua au hakuua, akaambiwa aigize kama mtu asiye na hatia. Basi. Hakupewa zaidi.

*Past Lives* ya Celine Song, iliyoanzia Sundance mwanzoni mwa 2023, ni tamu zaidi kwa macho na ndiyo iliyotugawanya ofisini. Nora na Hae Sung walipendana wakiwa watoto Seoul. Familia ya Nora ikahamia Kanada. Baada ya miaka 12 wakatafutana kwenye Skype, wakapotezana tena. Miaka mingine 12 ikapita, Hae Sung akapanda ndege kwenda New York kumuona, wakati Nora ameshaolewa na mwandishi wa Kimarekani anayeitwa Arthur.

Kina dada wa ofisini kwetu walikuwa upande wa Hae Sung, bila aibu. Kaka mmoja alisema Arthur ni bwege: mwanaume gani anamruhusu mkewe akazurure mjini na zilipendwa wake siku mbili mfululizo? Nikamwambia arudie kuangalia usiku ule kitandani. Arthur anasema wazi kwamba hadithi hii ikisimuliwa, yeye ndiye mume mbaya wa Kizungu anayesimama katikati ya wapenzi walioandikiana. Anajua kabisa sisi watazamaji tumekuja kumchukia. Kisha anasema kitu kizito zaidi: mkewe akiota, huongea usingizini kwa Kikorea, lugha ambayo yeye anajitahidi kujifunza lakini haimfikishi huko. Kuna chumba ndani ya mke wake ambacho hataingia.

Sidhani kama tunahitaji kwenda Korea kuielewa hiyo. Wangapi humu wameoana Mhaya na Mpare, Mnyakyusa na Mzigua? Mke anapigiwa simu na mama yake, anahamia Kihaya, sauti inabadilika, kicheko kinakuwa cha mtu mwingine kabisa, na mume yuko kwenye kochi anasikia jina lake likitajwa katikati ya maneno asiyoyajua. Anatabasamu tu. Arthur ni huyo mume, na kumfanya asiwe adui ndiyo kazi kubwa aliyoifanya Song katika filamu yake ya kwanza. Pale mwishoni Nora na Hae Sung wamesimama barabarani wanasubiri gari, kimya, hakuna anayesema lolote. Marehemu Lufufu angepata tabu sana kututafsiria kipande hicho.

Lakini nina ugomvi na filamu hii. Hae Sung anaeleza kwa nini yeye na mpenzi wake wa Seoul wamesimamisha mambo: ni mtoto wa pekee, kazi yake ya kawaida, mshahara wa kawaida, anaona mwanamke huyo anastahili mtu aliyejiweza zaidi. Kwa Kiswahili cha vijana wetu, hajajipanga. Hapo nilikaa vizuri kwenye kiti. Kumbe mapenzi ya utotoni ni kisingizio? Kumbe amevuka bahari kwa sababu mwanamke wa kwenye kumbukumbu haulizi kodi ya nyumba? Song akaligusa, akaliacha, akarudi kwenye majira na hatima. Mwanamke huyo karibu hatumuoni. Katika filamu ya watu watatu waliotendewa haki, yeye ni wa nne, na yuko nje.

Sasa twende Djibouti. *The Gravedigger's Wife* ya Khadar Ayderus Ahmed, Msomali aliyehamia Finland akiwa kijana, ilionyeshwa Cannes mwaka 2021 katika Wiki ya Wahakiki, na mwaka huohuo ikashinda tuzo kuu ya FESPACO kule Ouagadougou. Ndiyo filamu ya kwanza kuwahi kupelekwa na Somalia kugombea Oscar. Guled ni mchimba makaburi. Yeye na wenzake wanakaa nje ya hospitali na sepetu zao wakisubiri mtu afe wapate riziki. Mkewe Nasra figo zinamsumbua, upasuaji ni dola 5,000. Kwa hela yetu ni zaidi ya shilingi milioni 10, yaani ile michango ya grupu la WhatsApp ambayo sote tumeshaichanga au kuichangisha.

Nusu ya kwanza ni nzuri mno. Hawa ni watu waliotoroka pamoja kijijini bila baraka za wazazi, na bado wanataniana. Nasra mgonjwa, lakini bado anamcheka mumewe, bado anataka kujipamba. Mahaba ya watu wenye shida ya hela ni nadra kuonyeshwa hivi. Kwetu maskini kwenye filamu huwa wanalia tu.

Kisha Guled anaondoka kwa miguu kurudi kijijini kudai mifugo yake, na kamera inaondoka naye. Jangwa, jua, viatu, vumbi. Wahakiki wengi wamelisifu jangwa hilo. Mimi nilikuwa namtaka Nasra. Kuanzia hapo anabaki kitandani, anageuka kuwa bei inayotafutwa. Je, alikubali mumewe aende? Anaogopa nini akibaki peke yake na mtoto? Filamu hii inaitwa pia *Guled & Nasra*, majina mawili, bega kwa bega. Kwa Kiingereza jina lake limefutwa, kabaki mke wa mchimba makaburi. Ukiitazama nusu ya pili utaona aliyebadilisha jina hakukosea sana.

Na yetu? *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa tamasha la Toronto, mwaka 2021. Mwaka 2022 ndiyo iliyoiwakilisha nchi kwenye mbio za Oscar, baada ya *Maangamizi* ya mwaka 2001. Nasema bila kupepesa macho: hatujawahi kupigwa picha vizuri hivi. Vichochoro vya Mji Mkongwe, taa za karabai, taarabu, Kiswahili cha Unguja kikisemwa bila haraka. Nilijisikia fahari, na wewe utajisikia.

Swali langu hapa linapata shida kidogo, maana ndoa ya kwanza ya Yasmin ni ya kulazimishwa kwa mzee, na sina haja ya kuambiwa upande wa mzee. Kuna mambo yana mwenye kosa, na ukoloni nao ni mmojawapo. Sawa. Lakini Yasmin na Denge, hao waliochaguana wenyewe? Denge ana siasa, ana karatasi za siri, ana polisi nyuma yake. Yasmin ana macho mazuri na mwanga wa mshumaa. Wanatazamana sana. Sikuwaona hata mara moja wakibishana jambo dogo la kipuuzi, nani kachelewa, nani kasema nini mbele za watu, na kwa hiyo Denge alipotiwa mbaroni nilisikitika kwa ajili ya nchi kuliko kwa ajili yao wawili. Riwaya ina kurasa nyingi za kuwazoesha kwetu. Filamu ina saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya hiyo imewapa mawimbi na vivuli.

Anayeishi humo ndani ni Mwajuma. Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli, anaingia kwenye chumba na chumba kinapata joto. Anatania, anapokea wageni, anaficha siri za watu, ana wanaume wake na hamuombi mtu radhi. Kila alipotoka nje ya picha nilitaka kamera imfuate nione anakwenda wapi.