Mstari mweusi mmoja sio ushahidi, jamani

Wadau, leo hakuna stori za bwenini wala foleni ya wali maharage. Nina hasira na mambo ya maabara.

Nimechoka na semina ambazo mtu anaonyesha picha ya mstari mweusi uliofifia, halafu anatangaza kuwa maji ya mizizi fulani "yamezima mawasiliano ya saratani". Ukumbi unapiga makofi! Hakuna anayeuliza swali la kitoto kabisa: hivi protini yenyewe ilikuwepo?

Kwa wale wa sheria na biashara mnaopita hapa, nieleze kidogo. Seli hupashana habari kwa kubandika na kubandua fosfati kwenye protini. Fischer na Krebs walipewa Nobeli mwaka 1992 kwa kugundua mchezo huo. Protini iitwayo ERK huwashwa na nyingine iitwayo MEK, inayoibandika fosfati sehemu mbili. Sisi tunatumia kingamwili maalumu, nyingi zinatokana na sungura, inayoshika ERK yenye fosfati na kuiacha isiyo nayo. Kitu kizuri sana, sibishi.

Sasa mstari ukififia maana yake nini? Labda MEK imezuiwa kweli. Labda nusu ya seli zimekufa na umepakia protini kiduchu. Labda ulipopasua seli hukutia sodiamu floraidi wala vanadeti, vimeng'enya vikabandua fosfati zote wewe uko kwenye chai. Kingamwili ile haikwambii ni lipi kati ya hayo! Ndiyo maana unapima pia ERK yote, yenye fosfati na isiyo nayo, kwenye sampuli ileile. Na sampuli nyingine unaitia makusudi kimeng'enya cha kubandua fosfati. Mstari ukibaki hapo, ujue kingamwili yako inashika kitu kingine.

Najua jibu lenu: "hela hakuna". Kweli, chupa zenyewe ni ndogo kama za dawa ya macho, bei yake ukiitaja nyumbani mzee anadhani umenunua pikipiki. Lakini kama una hela ya chupa moja tu, badili swali la utafiti. Usituletee nusu ya jaribio. Habari hizi zinatoka nje ya ukumbi, mgonjwa anasikia mizizi imeshinda saratani, anaacha kwenda kliniki.

Wengine wanasema, "mbona kwenye chupa imeandikwa ni maalumu?" Mwaka 2015 Bradbury na Plückthun, pamoja na wanasayansi zaidi ya 100, waliandika kwenye jarida la Nature wakilalamika kuwa kingamwili nyingi zinazouzwa hazishiki kinachodaiwa. Wenzetu wenye majokofu yamejaa hizo chupa hawaamini lebo, sisi tunaziamini kwa misingi gani?

Mwenye kunipinga aandike hapo chini, ila aje na mstari wa pili.