Hodi Abishiwe Mwenye Siri

Kubisha hodi ni ada ya kwetu pwani, na kwa Muislamu ni amri: Sura ya An-Nur, aya ya 27, yakataza kuingia nyumba isiyo yako bila ya idhini na salamu. Je, kompyuta ikiingia katika mambo ya mtu, hodi abishiwe nani?

Tarehe 20 Mei 2024 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitangaza chombo cha akili mnemba kiitwacho Recall. Kazi yake ni kupiga picha kioo cha kompyuta kila baada ya sekunde chache na kuzihifadhi humo humo, ili mtumiaji akisahau jambo alitafute. Wajuzi wa usalama walilalamika, na Juni mwaka huo kampuni ikakubali kwamba kisiwashwe ila kwa ridhaa. Kilitolewa rasmi Aprili 2025.

Basi hodi imebishwa. Lakini aitikiaye ni nani?

Tutazame mtaa wa Huruma, Eldoret. Kule, kama Majengo ya Mombasa, asiye na kompyuta huenda saiba kuomba pasipoti, mkopo wa masomo au kujaza fomu za kodi. Kweli, Recall yahitaji mashine mpya za aina maalumu, ambazo ni ghali. Lakini mpya za leo ndizo kuukuu za kesho. Zikifika saiba, mwenye kuridhia atakuwa mwenye duka, na mwenye kupigwa picha atakuwa mteja asiye na habari. Chombo kimewekewa kuruka namba za siri na za kadi, lakini cheti cha daktari au barua ya talaka je?

Hata ujumbe umpelekeao nduguyo waweza kupigwa picha katika mashine yake. Ndiyo sababu Mei 2025 Signal iliweka kinga katika programu yake ya Windows.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yaihesabu ridhaa kuwa ni ya mwenye habari, si ya mwenye chombo.

Waswahili husema siri ya mtungi muulize kata. Lakini kata haipigi picha. Mwenye saiba na akizime chombo hicho, au amwambie mteja kabla hajaketi. Na mteja asione haya kuuliza.