Dawa ya jicho si ya kuazimana



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya dawa za matone wanazopewa wazee wetu baada ya kuondolewa mtoto wa jicho.

Mama yangu alipopasuliwa alipewa kichupa cha deksamethasoni ya kutuliza uvimbe. Jirani mwenye jicho jekundu akaja kukiazima. Nilikataa, nikaitwa mchoyo.

Ndugu wasomaji, dawa hii hupunguza nguvu ya jicho kupigana na vijidudu. Jicho lenye kidonda likitiwa, laweza kupofuka. Hata aliyepasuliwa akizidisha muda aliopangiwa, presha ya jicho yaweza kupanda kimyakimya na kuharibu mshipa wa kuonea. Wala asiiache mapema kwa sababu anaona vizuri. Jicho likiuma au likififia, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Maelezo ya kichupa kile yalikuwa ya Kiingereza, na mama hakijui. Naomba hospitali zetu ziwaandikie wagonjwa kwa Kiswahili: matone mangapi, mara ngapi kwa siku, mwisho tarehe gani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Singida.