Mama Akitoka Panzi, Nani Anampokea?

Wapo Wakristo wanaodhani kwamba kanisa likishajenga hospitali limemaliza deni lake la huruma. Fikra hiyo ni ya hatari, na mahali pa kuipima ni Bukavu, mashariki ya Kongo. Huko kanisa limetenda jambo kubwa kweli, na ukubwa wake ndio unaotufichua sisi tuliobaki tumeketi kwenye mabenchi.

Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya misheni ya Lemera, Kivu ya Kusini, ilivamiwa, wagonjwa wakauawa vitandani, na wauguzi pia. Mganga wake mkuu, Denis Mukwege, hakuwapo siku hiyo. Mwaka 1999, chini ya jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste iitwayo CEPAC na kwa msaada wa Wapentekoste wa Uswidi, alianzisha hospitali nyingine huko Panzi, Bukavu. Ilikusudiwa wajawazito. Badala yake, mgonjwa wa kwanza aliletwa akiwa amebakwa na kupigwa risasi. Kufikia mwaka 2018, Mukwege alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad, wanawake zaidi ya 50,000 walikuwa wamepita mlango huo huo kwa sababu ya unyama wa namna hiyo.

Mukwege ni mtoto wa mchungaji. Utotoni alifuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa, akaona maombi yapo ila dawa haipo. Ndipo alipoamua kuwa tabibu. Hakuiacha sala, kwani mpaka leo yeye mwenyewe huhubiri. Natamani kisa hicho kisomwe kwa wale wanaomwekea mjane mikono kichwani kisha wakamwaga aende zake na njaa.

Panzi walitambua mapema kwamba kushona jeraha hakutoshi. Mwanamke hutibiwa fistula, ugonjwa ule wa kuvujwa na mkojo bila kujizuia. Tena hupata mtu wa kumsikiliza, mwanasheria wa kumsimamia kesi, na ufundi wa kumpatia riziki. Asiye na pa kurudi hupokewa katika Maison Dorcas, nyumba yenye jina la yule mama wa Yafa aliyewashonea wajane nguo.

Haya, mama amepona. Anarudi kijijini. Mume ameoa mwingine. Mtoto aliyezaliwa kwa kubakwa anaitwa na watoto wenzake Interahamwe, jina la wanamgambo wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, nao wamelisikia wapi kama si kwa wazazi wao? Jumapili mama anaingia kanisani, na benchi alilokalia linabaki na nafasi pande zote mbili. Daktari hana dawa ya benchi hilo. Dawa iko kwetu, na hatujaitoa.

Kanisa la kwanza kabisa lilikumbwa na aibu ya aina hii. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, manung'uniko yakazuka, na mitume hawakujibu kwa hotuba. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakakabidhiwa kazi hiyo. Huruma ilipewa watu wa kuisimamia na kuulizwa. Leo parokia ngapi zina daftari la wajane wake? Daftari la ujenzi wa mnara hulikosi.

Jambo jingine, hata kama litawaudhi wafadhili. Mwanamke asilazimishwe kuisimulia aibu yake mbele ya kamera ndipo apate sabuni na unga. Na jirani yake, aliyepata fistula kwa uzazi mgumu tu, asirudishwe kwa kuwa hadithi yake haina bunduki.

Wala tusiwahesabu akina mama hawa kuwa mikono ya kupokea tu. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia Mukwege nyumbani kwake, wakamuua mlinzi wake, naye akakimbilia ng'ambo na familia. Waliomrudisha ni wanawake wa Kivu: waliuza mananasi na vitunguu wachangie tiketi yake ya ndege. Januari 2013 alirejea Bukavu. Nani kati yetu wenye mishahara alitoa kiasi hicho kwa kipimo cha alichonacho?

Msiseme tungoje amani kwanza. Tuliambiwa vita vimekwisha mwaka 2003. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu yenyewe. Anayengoja utulivu ndipo ampokee mjane atazeeka akingoja.

Basi wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa, fungueni daftari Jumapili hii. Teueni watu wenu saba, wanawake wawemo, muwape sehemu ya sadaka mliyoikubali hadharani, wawatolee hesabu kila mwezi. Na wewe msomaji, ukimwona mama huyo ameketi peke yake, usimtafutie mhudumu. Sogea ukae naye.